Boksi tumelibeba vya kutosha, sasa tuijue na barabara



Toleo hili nataka kuongelea jambo ambalo wengi wenu mtadhani ni la mafundi peke yao: namna vituo vya data vinavyofungasha mawasiliano ya wapangaji wake. Msikimbilie ukurasa wa michezo kwanza. Hoja yangu haihitaji mtu awe injinia, na naisema mapema ili tusizungushane. Sisi Waafrika tunajifunza kwa bidii sana kupanga kwenye mtandao wa mwenzetu, lakini barabara ambayo mtandao huo umelazwa juu yake hatujishughulishi nayo kiasi cha kutosha. Tukiendelea hivi tutakuwa wapangaji wa kudumu, tena wapangaji ambao hata wakivunjiwa mlango hawajui umevunjwa wapi.

Tuanze na boksi.

Kila aliyekaa nchi hii anajua maana ya kubeba boksi. Nyumbani wakisikia uko Uingereza, swali la kwanza ni kama unasoma au unabeba boksi, na wengi wetu jibu la kweli ni vyote viwili. Sasa aliyewahi kufanya kazi ghalani usiku anaijua siri moja: mpakiaji haangalii kilichomo, anaangalia lebo ya nje. Vifurushi vya wateja vinaingizwa ndani ya boksi kubwa, boksi linabandikwa lebo mpya ya ghala linalofuata, lori linaondoka. Likifika linapasuliwa, na kila kifurushi kinatoka na lebo yake ya mwanzo, kama kilivyoingia. Mteja hajui kama mzigo wake ulipitia Luton au Birmingham, na wala hajali.

Hicho ndicho kinachofanyika ndani ya vituo vya data, mara mamilioni kwa sekunde. Tofauti ni kwamba huko mteja anapaswa kujali.

Seva moja, yaani chuma chenyewe, hugawanywa kwa programu na kuwa kompyuta nyingi zisizo na chuma chake. Tuziite mashine pepe. Seva moja inaweza kubeba makumi ya mashine hizi, na kila moja ikawa ya mtu mwingine: hii ya benki, ile ya duka la viatu, nyingine ya mwanafunzi anayefanya mradi wake. Kila mpangaji anataka aone mtandao wake peke yake, asichanganyikane na jirani.

Zamani kazi ya kuwatenganisha ilifanywa na VLAN. Kila kundi linapewa namba, na namba hiyo ina biti 12. Piga hesabu: 4,096, toa mbili zilizohifadhiwa, zinabaki 4,094. Kwa ofisi, au hata chuo kizima, zinatosha na kusaza. Kwa kituo kinachopangisha maelfu ya wateja, ambao kila mmoja anataka mitandao mitatu minne, zinakwisha mapema kabisa.

Tatizo la pili ni uhamaji. Mashine pepe huhamishwa kutoka seva moja kwenda nyingine huku ikifanya kazi, na mteja asigundue. Ili asigundue, lazima anwani yake ya IP ibaki ileile. Lakini anwani ya IP kwa kawaida imefungwa na mahali, kama namba ya nyumba: ukihama mtaa, namba inabadilika. Juu ya hapo, swichi za katikati zilitakiwa kukariri anwani ya kila mashine pepe, na kumbukumbu ya swichi ina mwisho wake.

Ndipo Agosti 2011 makampuni kama VMware na Cisco yalipoitangaza VXLAN, na Agosti 2014 ikachapishwa kama RFC 7348, mojawapo ya nyaraka za wazi ambazo wahandisi wa intaneti huandikiana. Wengine walileta zao: NVGRE ilichapishwa 2015, na Geneve, ambayo lebo yake inaweza kurefushwa kadiri ya mahitaji, ilichapishwa Novemba 2020. Zinatofautiana kwenye lebo, lakini wazo ni moja.

Wazo lenyewe ni hili. Kwenye kila seva kuna kituo cha kufungasha. Mashine pepe inatoa fremu yake kama kawaida, ikidhani iko kwenye waya mmoja na mwenzake. Kituo kinaichukua nzima nzima, kinaibandika lebo ya baiti 8 yenye namba ya mpangaji, kinaitia ndani ya pakiti ya UDP inayoelekea poti 4789, na kuituma kwa IP hadi seva nyingine. Njiani swichi zinaona seva mbili tu zinaongea. Ng'ambo boksi linapasuliwa na fremu inaendelea na safari yake kana kwamba haijatoka chumbani. Namba ya mpangaji ina biti 24, kwa hiyo mitandao zaidi ya milioni 16 inaweza kukaa kwenye chuma kilekile.

Kuna ujanja mmoja unaonifurahisha kila nikiufikiria. Poti ya chanzo kwenye lebo ya nje haichaguliwi ovyo. Kituo kinaikokotoa kutokana na lebo za ndani, hivyo mazungumzo tofauti yanapata namba tofauti, na swichi zinaweza kuyatawanya kwenye njia nyingi bila kufungua boksi hata moja. Walioifikiria hii si mchezo.

Kwa hiyo tunapata mitandao miwili: wa juu, ambao mpangaji anauona na kuupanga atakavyo, na wa chini, wa swichi, mikongo na umeme, ambao mpangaji haoneshwi.

Tunaokaa Stanmore tuna mfano mzuri wa jambo hili, nao ni stesheni yetu. Ilifunguliwa Desemba 1932 kama tawi la Metropolitan. Mwaka 1939 ikawa ya Bakerloo. Mwaka 1979 ikawa ya Jubilee, na ndivyo tunavyoijua. Majina matatu, rangi tatu kwenye ramani, lakini njia ya reli ya kutoka Wembley Park kuja huku ni ileile iliyojengwa na watu wa Metropolitan. Na ramani yenyewe, tangu ile ya Harry Beck ya 1933, haikuoneshi ardhi. Ukitoa mto Thames, inachokuonesha ni nani kaungana na nani. Ni ramani nzuri na imetusaidia wote. Ila reli ya chini ikiharibika, rangi ya juu haikusaidii, utasimama jukwaani na baridi yako kama mwenzio.

Sasa, mpangaji wa mtandao wa juu haoni nini? Nitataja matatu.

La kwanza ni ukubwa. Boksi la nje nalo linachukua nafasi. Kwa VXLAN juu ya IPv4, pakiti ya baiti 1,500, ambayo ndiyo kiwango cha kawaida cha Ethernet, inakuwa baiti 1,550 ikishafungashwa. Kama mtandao wa chini haukupanuliwa, au mashine pepe haikupunguziwa kiwango hadi 1,450, pakiti kubwa hazipiti, na RFC 7348 inavikataza vituo vya kufungasha visiikate pakiti vipande. Dalili zake zinachanganya kweli. Ukipima kwa pingi, majibu yanarudi. Ukurasa mwepesi unafunguka. Lakini picha ya eksirei au faili la mishahara linakwama katikati, na kila fundi unayempigia anakwambia mtandao mzima, tatizo liko kwako. Na mtandao wake kweli mzima, kwa vipimo vyake. Boksi tu ndilo limezidi mlango.

La pili ni kufuli. Hapa naomba tusikilizane vizuri, maana ndipo watu wengi wanapodanganyika. Kufungasha si kufunga kwa ufunguo. Lebo ya VXLAN haina usimbaji wowote, wala haina njia ya kuthibitisha nani kaituma. Aliye kwenye mtandao wa chini na mahali pa kusikilizia anaweza kulifungua boksi na kusoma kilichomo, kama hakikusimbwa na mwenye nacho. Anayeweza kukifikia kituo cha kufungasha anaweza pia kutengeneza boksi la uongo lenye namba ya mpangaji mwingine. Hili wala si siri, RFC yenyewe ina sehemu inayoonya juu ya usalama na kutaja IPsec kama njia mojawapo ya kujikinga. Lakini mpangaji akishaambiwa "mtandao wako binafsi", masikio yanasikia "mtandao wako wa siri". Hayo ni maneno mawili tofauti. Hospitali ikiweka rekodi za wagonjwa, au SACCOS ikiweka akaunti za wanachama, swali la nani anaweza kusoma ndani ya boksi si la kumwachia muuzaji alijibu kwa tabasamu.

La tatu ni barabara yenyewe. Mashine yako ina anwani 10.0.0.5. Hiyo anwani haikwambii kama chuma kiko Nairobi, Dublin au Cape Town. Uzuri wa mtandao wa juu ni huo huo, kwamba mahali hapaonekani. Lakini Kenya na Uganda zilipitisha sheria za kulinda data mwaka 2019, Rwanda 2021, Tanzania 2022, na sheria hizi zinagusa pia suala la taarifa za watu kutoka nje ya mipaka. Mwanasheria anauliza data iko wapi. Fundi anafungua skrini, anaona 10.0.0.5, anasema iko kwenye wingu. Jamani, hilo si jibu.

Na barabara ikikatika, wote tunajua kinachotokea. Februari 2024 mikongo kadhaa ilikatika Bahari ya Shamu, SEACOM ikiwemo. Halafu Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zikakatika baharini upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Stanmore hii ina familia nyingi zenye asili ya Dar, Zanzibar, Mombasa na Kampala, na wapo wazee ambao Kiswahili chao cha pwani kinatuaibisha sisi vijana. Kwa familia kama hizo, mkongo ukikatika maana yake ni simu ya Jumapili haipiti. Kwa mwenye duka Kariakoo ambaye vitabu vyake vya mauzo viko kwenye mashine pepe ng'ambo, maana yake ni kazi kusimama. Mtandao wake wa juu haukuharibika hata kidogo. Uliendelea kuwepo, umepangwa vizuri, na hakuna njia ya kuufikia.

Wakenya walishatuonesha kwamba barabara inarekebishika. Kabla ya KIXP, barua pepe ya kutoka mtoa huduma mmoja wa Nairobi kwenda kwa mwingine wa Nairobi hiyohiyo ilipanda setilaiti, ikaenda ng'ambo, ikarudi. Watoa huduma wakaungana, Novemba 2000 wakaanzisha kituo chao cha kubadilishana mawasiliano. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya ukiritimba, ikalalamika, na mwezi uliofuata mdhibiti akakifunga. Hawakukata tamaa, wakabishana hadi kikafunguliwa tena Februari 2002. Mtumiaji wa kawaida hakuona kitu kipya kwenye kompyuta yake. Lakini chini, barabara ilikuwa imenyooshwa na watu waliojua inapita wapi. Wasiojua wasingejua hata cha kudai.

Halafu kuna hadithi ya Cape Town, ambayo huwa inaniuma. EC2, huduma ya Amazon iliyoifundisha dunia kukodi mashine pepe kwa saa, ilitengenezwa na timu iliyokaa Cape Town ikiongozwa na Chris Pinkham, akiwa na Willem van Biljon. Ilitoka kwa majaribio Agosti 2006. Lakini mkoa wa kwanza wa vituo vya data vya AWS barani Afrika ulifunguliwa hapohapo Cape Town Aprili 2020. Karibu miaka 14! Programu iliandikwa Afrika, vyuma vikawekwa kwingine, na Mwafrika aliyetaka kukodi akawa analipia pia safari ya baharini. Microsoft ilifungua Afrika Kusini 2019, Google ikafungua Johannesburg Januari 2024. Hadi mwaka huo, mikoa kamili ya hawa watatu kusini mwa Sahara ilikuwa Afrika Kusini tu. Kwa hiyo akili tunazo. Kinachopungua ni mkono wetu kwenye chuma na udongo.

Najua nitakavyojibiwa, maana nimeshajibiwa kantini. Kwanza, eti biashara changa ya Mwanza haina hela ya kununua seva, jenereta na kiyoyozi, kukodi ndiko kulikowaokoa. Ni kweli tupu. Pili, eti hawa wakubwa wana mafundi wa usalama wengi kuliko serikali zetu nyingi. Nalo nalikubali. Na hao wakubwa wengine wanasimba mawasiliano kati ya vyuma vyao, kwa hiyo si kila boksi liko wazi.

Sasa basi, mimi sisemi tuache kupanga. Nyumba ya kupanga si aibu, London nzima tunapanga. Ila mpangaji anayejua ujenzi haongopewi na dalali. Anajua kuuliza bomba linapita wapi, ufunguo wa akiba anao nani, na paa likivuja nani anatengeneza. Mpangaji asiyejua analipa kodi na kuomba Mungu mvua isinyeshe.

Wasiwasi wangu ni kwamba sisi wenyewe ndio tunajielekeza kuwa wapangaji wasiojua. Vijana wetu wengi wanakimbilia vyeti vya kubofya vitufe vya kampuni moja. Cheti ni kizuri kwa kupata kazi, sikatai. Lakini kitufe kinabadilika kila mwaka, na pakiti ya IP haijabadilika sana tangu 1981. Aliyeielewa pakiti atajifunza kitufe chochote kwa wiki moja. Aliyekariri kitufe, siku boksi likizidi mlango atakaa anatazama skrini.

Tufanye nini? Nina mapendekezo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

Kwanza, kwa wanaosoma kompyuta na umeme: chukueni kompyuta mbili kuukuu, ziwekeeni Linux. VXLAN imo ndani yake tangu toleo la 3.7 la Desemba 2012, bure kabisa. Unganisheni kwa waya mmoja, jengeni mtandao wa juu, halafu fungueni Wireshark kwenye waya wa chini mtazame. Mtaisoma fremu ya ndani neno kwa neno. Ukishaiona kwa macho yako, hakuna muuzaji atakayekwambia boksi ni kufuli. Mkitumia zana za Kubernetes kama Flannel mtakuta poti 8472 badala ya 4789, kwa sababu Linux ilianza kabla namba rasmi haijatolewa. Vitu vidogo kama hivi ndivyo vinavyomla mtu siku nzima kazini.

Pili, kwa wanaosoma sheria, uchumi na utawala: msituachie sisi mafundi. Mkataba wa serikali au hospitali wa kukodi mashine uwe na maswali matatu yenye majibu ya maandishi. Chuma kiko nchi gani? Mawasiliano kati ya seva yanasimbwa na nani, na ufunguo anao nani? Mkongo ukikatika, njia ya pili inapita wapi?

Tatu, kwa wanaotafuta mada ya tasnifu. Nyumbani kuna mitandao ya vyuo vikuu, KENET Kenya, RENU Uganda, TERNET Tanzania. Kuna Mkongo wa Taifa uliojengwa Tanzania kuanzia 2009, na kuna vituo vya data Nairobi na Dar es Salaam. Matatizo halisi yako kule, na wenye mitandao hiyo ni watu wa kuandikiwa barua pepe ya kawaida tu. Kwa nini tupime mtandao wa kubuni wakati wa kwetu upo na unahitaji kupimwa?

Nne, kwa wanaorudi. Kazi ya swichi na mikongo haina sifa kama ya kutengeneza programu ya simu. Unavaa buti, unaingia shimoni, hakuna gazeti litakalokupiga picha. Lakini anayejua barabara ndiye atakayekaa mezani siku ya kupanga bei, na siku ya kuamua data ya Watanzania au Wakongo ilale wapi. Tukikosa watu wa kukaa meza hiyo, tutapelekewa bei na kuambiwa tuweke sahihi.

Boksi tumelibeba, tena kwa heshima, limetulipia ada. Lakini mbeba boksi anayejua lori linakokwenda huwa hakai ghalani milele.

Naomba kutoa hoja.

Mwandishi ni mwanafunzi wa shahada ya juu ya uhandisi. Anakaa Stanmore.